Chokea Inayorudi Palepale

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wenu hamjawahi kuusikia ukitajwa, na hamna lawama, maana hata vyuoni wanafunzi wa utabibu huupitia mbiombio. Ni saratani ya tezi za mafuta za ngozi. Tezi hizi tunazo karibu mwili mzima, lakini saratani yake ina mahali inapopapenda kuliko pengine popote, napo ni kwenye kope. Shika kope yako ya juu taratibu kwa vidole viwili. Ule ugumu mwembamba unaousikia ndani ndimo zilimopangwa tezi za mafuta, ndefu na nyembamba, thelathini hivi au zaidi, kila moja na tundu lake kwenye ukingo wa kope, nyuma kidogo ya zinapoota nywele. Kazi yake ni kutoa mafuta yanayotanda juu ya machozi ili yasikauke haraka. Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na mpaka leo madaktari wa macho wanaziita kwa jina lake. Kope ya juu ina tezi nyingi kuliko ya chini, na kwa sababu hiyo saratani hii huonekana zaidi juu.

Sasa, tezi moja ya kope ikiziba, unapata nini? Unapata kivimbe. Kikiwa chekundu, kinauma na kina usaha, sisi sote tunakijua: ni chokea. Kikiwa kigumu, hakiumi, kimekaa tu kama punje chini ya ngozi, madaktari hukiita kalazioni. Vyote viwili ni vitu vya kawaida kabisa, na vingi hupona kwa kukandwa na kitambaa cha maji ya moto kwa siku kadhaa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akazima redio na kukimbilia hospitali kwa sababu ya chokea ya juzi. Tatizo letu liko kwingine. Saratani ya tezi za mafuta huanza ikiwa na sura ileile ya kalazioni. Kivimbe kidogo, kigumu, hakiumi, kope inateleza juu yake. Mgonjwa hana homa, anaona vizuri, anaenda shambani au sokoni kama kawaida. Kitu kisichouma nani ana haraka nacho?

Na hiyo ndiyo sura yake ya kwanza. Sura ya pili inadanganya zaidi. Wakati mwingine hakuna kivimbe cha kuonekana. Seli za saratani hutambaa ndani ya ngozi laini inayofunika upande wa ndani wa kope na weupe wa jicho, na mtu huonekana ana jicho jekundu, linatoa tongotongo, linawasha. Anapewa tyubu ya dawa ya tetrasaiklini. Miezi inapita. Anapewa matone mengine, pengine yenye steroidi, wekundu unapungua wiki mbili, kila mtu anafurahi, kisha unarudi. Ukiangalia kwa makini utakuta jambo moja limekuwepo muda wote: ni jicho moja tu. Macho mekundu ya kuambukizana hayakai katika jicho moja kwa miezi mingi huku la pili likiwa safi. Naomba mlishike hilo, nitalirudia baadaye: jicho moja, muda mrefu, dawa hazisaidii.

Hoja yangu leo ni moja, nayo nitaitetea. Mara nyingi ugonjwa huu hautushindi kwa kukosa mashine kubwa. Unatushinda pale kipande cha nyama kinapokatwa kwenye kope kisha kikatupwa. Hebu tuingie kwenye chumba cha upasuaji mdogo tuone kinachofanyika. Mgonjwa amelala, kope imechomwa sindano ya ganzi. Mtaalamu anaibana kwa kibano chenye duara, anaipindua ili upande wa ndani utazame juu, anachana kidogo, kisha anakwangua kwa kijiko kidogo chenye ukingo mkali. Kalazioni ya kweli hutoa kitu kama ute mzito wenye mafuta. Kinafutwa kwa shashi, shashi inatupwa ndooni, jicho linafungwa kwa bandeji, na mgonjwa anakwenda nyumbani. Kazi ya dakika chache. Lakini tuseme kilichotoka si ute, ni nyama, imara, ya rangi ya manjano iliyofifia. Au mgonjwa huyo ana miaka sitini na tano na hii ni mara ya tatu anakwanguliwa mahali palepale. Shashi ile ikienda ndooni, jibu nalo limekwenda. Hakuna kipimo cha damu kitakachotuambia baadaye kilikuwa nini. Picha ya mionzi haitatuambia. Kilichokuwa na habari yote kilikuwa kwenye shashi.

Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni hii. Kivimbe cha kope kinachorudi palepale baada ya kutibiwa kikatwe na kipelekwe maabara. Kivimbe kilichong'oa nywele za kope mahali kilipo, kikatwe na kipelekwe maabara. Jicho moja lenye wekundu usioisha kwa mtu mzima, ngozi yake laini ikatwe kipande na kipelekwe maabara. Na mtu aliyepita umri wa makamo, ambaye hajawahi kuwa na tabia ya kuota vivimbe vya kope, akiotwa na kimoja kisichoondoka, asiambiwe tu arudi nyumbani akakande.

Najua tayari kuna msikilizaji anayeuliza: lakini bwana, ugonjwa huu si ni adimu. Kweli, ni adimu. Basi kwa nini tusumbue watu na maabara kwa ajili ya kitu ambacho daktari wa wilaya anaweza kustaafu bila kukiona? Swali hili ni zuri na linastahili jibu refu. Kwanza, uadimu hutegemea unahesabia wapi. Ulaya na Marekani saratani hii ni asilimia chache tu ya saratani zote za kope. Lakini taarifa kutoka hospitali za India huiweka kwenye theluthi moja au hata zaidi, na China pia sehemu yake ni kubwa. Nikiri kwamba kiasi fulani cha tofauti hiyo ni mchezo wa hesabu: saratani za kope zinazoletwa na jua huwapata zaidi wenye ngozi nyeupe, kwa hiyo kule kwao hii ya mafuta humezwa ndani ya wingi wa zile nyingine. Hata hivyo linabaki jambo moja la uhakika, kwamba rangi nyeusi au ya maji ya kunde si kinga. Sisi huku tumezoea kusema kansa ya ngozi ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwa saratani zinazotokana na jua kali kuna ukweli mkubwa katika usemi huo. Kwa saratani ya tezi za mafuta usemi huo hautufai kitu.

Pili, ugonjwa ambao kipande chake hakifiki maabara hauwezi kuingia katika hesabu yoyote. Hapa tunazunguka pale pale: hatupimi kwa sababu ni adimu, na unabaki adimu katika daftari zetu kwa sababu hatupimi. Sisemi kwamba tukianza kupima tutakuta wagonjwa kila kona. Nasema tu kwamba daftari lisiloandikwa si ushahidi wa kutokuwepo. Na tatu, ambalo naona ndilo zito kuliko yote, kipande kile hakipimwi kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una saratani nyingine ya jicho ambayo si adimu hata kidogo, ile inayoota kwenye ngozi laini juu ya weupe wa jicho, inayohusishwa na jua na virusi vya UKIMWI. Nayo huanza kama wekundu au kinyama kidogo kinachopuuzwa. Kuna saratani za kawaida za ngozi zinazopenda kope ya chini. Kuna saratani ya Kaposi. Chupa moja ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama, yenye kipande ndani yake inauliza maswali yote hayo kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo anayesema tunapoteza fedha kusaka ugonjwa adimu amehesabu faida moja akaziacha nyingine.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo lazima tulitaje, nalo ni vikope, yaani trakoma. Katika maeneo ambako trakoma imekaa vizazi, kama Kongwa kule Dodoma, watu wamezoea kuona mzee mwenye kope zilizopindukia ndani, nywele zinakwaruza jicho, na kibano kidogo kimefungwa kwenye ncha ya khanga kwa ajili ya kuzing'oa. Mahali kama hapo kope isiyo na nywele haimshtui mtu. Basi mjue tofauti. Vikope huacha makovu upande wa ndani wa kope, kwa kawaida macho yote mawili, na historia yake ni ya miaka mingi tangu utotoni. Saratani hii huangusha nywele mahali pamoja, juu ya kivimbe au palipo na unene, upande mmoja. Mhudumu wa zahanati anaweza kuona tofauti hiyo kwa tochi na kwa kuipindua kope juu ya kijiti cha pamba. Na akishamaliza kutazama jicho, apitishe vidole mbele ya sikio na chini ya taya upande uleule. Huko ndiko zilipo tezi za limfu ambazo saratani hii huzifikia kwanza ikianza kusafiri. Hakuna umeme unaohitajika kwa hayo.

Pingamizi la pili nalisikia mara nyingi zaidi, na linasemwa kwa sauti ya chini: kansa ikiguswa na kisu inatapakaa. Jamani, tusiwacheke wanaosema hivi. Wameona kwa macho yao. Wameona jirani akipelekwa hospitali kivimbe kikiwa kimejaa uso, akakatwa, na baada ya miezi michache akazikwa. Wakaunganisha kisu na kifo. Walichokosea ni kuhesabu miezi ya mwisho na kuisahau miaka ya mwanzo, wakati ugonjwa ulipokuwa unasafiri wenyewe bila kisu chochote. Hata hivyo, ndani ya hofu hiyo kuna chembe ya ukweli. Kukwangua kivimbe bila kujua ni nini, tena na tena, bila kupima, ni jambo baya. Kunaacha seli nyuma, kunavuruga mipaka, na daktari atakayefuata atashindwa kujua ugonjwa ulianzia wapi. Kwa hiyo kisu cha kuogopa kipo, nacho ni kile kisichofuatwa na maabara. Kuchukua kipande ili kijulikane, kisha kupanga upasuaji kamili kwa jibu lililo mkononi, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tuje kwenye gharama. Hapa sitaki kudanganya mtu. Kipimo kinalipiwa, bima si kila mtu anayo, na majibu huweza kuchukua wiki. Madaktari wa patholojia ni wachache, na wengi wao wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, au Kenyatta kule Nairobi na Mulago kule Kampala. Mtu wa kijijini atasema, mimi nifike huko lini? Lakini kipande kinasafiri kirahisi kuliko mtu. Kikitiwa mapema katika fomalini ya kutosha, kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, na jina likaandikwa kwenye chupa yenyewe (si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana), kinavumilia safari ya basi ambayo mzee wa miaka sabini haiwezi. Na upande wa pili wa mizani kuna nini? Saratani hii ikikamatwa ndogo, hukatwa pamoja na sehemu ya kope, na kope hutengenezwa upya. Ikichelewa ikaingia nyuma, hutolewa jicho na vyote vilivyomo katika tundu lake. Ikishafika kwenye tezi za shingo na mbele zaidi, tunazungumzia uhai. Anayelinganisha bei ya kipimo na kutolipa kitu hajalinganisha vizuri. Alinganishe na bei ya upasuaji ule wa pili.

Sasa wasikilizaji, nimesema maabara, maabara, maabara, mtu asije akadhani maabara haikosei. Inakosea, na kwa ugonjwa huu ina sababu za kukosea. Seli hizi zikitazamwa kwa hadubini huwa na mapovu ndani yake, na mapovu yale ni mafuta. Lakini ili kipande kikatwe vipande vyembamba vya kutazamwa, hupitishwa kwanza kwenye spiriti na dawa nyingine, ndipo kikaganda ndani ya nta. Spiriti huyeyusha mafuta. Kinachobaki ni matundu matupu, na seli zenye matundu zinaweza kuchukuliwa kuwa za saratani nyingine ya ngozi. Zipo rangi maalumu zinazoshika mafuta, ila zinataka kipande kibichi au kilichogandishwa, ambacho hakijaonja spiriti. Siku hizi zipo pia rangi za kingamwili zinazotafuta protini zinazokaa pembeni mwa mafuta hata baada ya mafuta yenyewe kuondoka, lakini si kila maabara inazo. Hapo ndipo fomu inayosindikiza kipande inapokuwa na thamani. Fomu iliyoandikwa "kivimbe cha kope" tu haimsaidii daktari wa patholojia. Fomu iliyoandikwa kwamba mgonjwa ni mama wa miaka sitini na minane, kope ya juu kulia, kimekwanguliwa mara mbili, kimerudi palepale, nywele zimeanguka, tunashuku tezi za mafuta, hiyo inambadilishia macho. Sentensi mbili za wino.

Na kipande chenyewe kiwe cha kutosha. Kikiwa kijuujuu mno kinaweza kukosa ugonjwa ulioko chini. Kisha kuna ule utambaaji niliousema mwanzo. Saratani hii inaweza kula ndani ya ngozi laini kama mchwa ndani ya fremu ya mlango: rangi ya nje nzima, ndani mmeshaliwa, tena kwa kurukaruka, hapa pameliwa na hapa pazima. Ndiyo maana mtaalamu wa macho akishauthibitisha ugonjwa huchukua vipande vidogo vidogo kutoka sehemu kadhaa za jicho, ili ajue umefika wapi kabla hajakata. Mgonjwa akiona anachukuliwa vipande vitano au zaidi asidhani anafanyiwa majaribio. Na narudia lile la jicho moja: majibu yakirudi "hakuna kansa", lakini kivimbe kikarudi tena palepale, au jicho lile moja likaendelea kuwa jekundu, jibu lile halijafunga mjadala. Kipande kingine kichukuliwe. Msione aibu kuliomba hilo. Kuuliza si kumkosea daktari adabu.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo linatutoa kwenye jicho na kutupeleka nyumbani. Mwaka 1967 daktari Muir wa Uingereza, na mwaka 1968 daktari Torre wa Marekani, kila mmoja aliandika habari za mgonjwa mwenye vivimbe vingi vya ngozi pamoja na saratani zaidi ya moja ndani ya mwili. Baadaye ikaeleweka kwamba baadhi ya watu huzaliwa na hitilafu katika jeni zinazosahihisha makosa wakati seli zinaponakili maelekezo yake. Watu hao huweza kuota vivimbe vya tezi za mafuta kwenye ngozi, vingine si saratani kabisa, na pia wana hatari kubwa ya saratani ya utumbo mpana, na kwa wanawake saratani ya mji wa mimba. Hitilafu hiyo hurithiwa. Kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata. Tusitiane hofu hapa: wengi wenye saratani ya tezi za mafuta kwenye kope hawana urithi huu, na uhusiano wake ni mkubwa zaidi pale kivimbe kinapoota sehemu nyingine za mwili mbali na kope, au kinapompata mtu bado kijana, au vinapokuwa vingi. Lakini kipande kilekile kilichoko kwenye nta kinaweza kupakwa rangi za kuonyesha kama protini za usahihishaji zipo au zimekosekana, mahali penye rangi hizo.

Na pasipo na rangi hizo, kuna swali. Mgonjwa aulizwe: babu, bibi, wazazi, shangazi, wajomba, ndugu wa tumbo moja, kuna aliyepata kansa ya utumbo au ya kizazi, tena kabla ya uzee? Najua kwetu jibu la swali hili si rahisi. Marehemu wengi tunaambiwa walikufa kwa "tumbo". Shangazi "alitokwa damu sana". Hakuna cheti chenye jina la ugonjwa. Hata hivyo, "tumbo" tatu katika ukoo mmoja, zote kabla ya miaka hamsini, ni habari, na iandikwe kwenye fomu hivyo hivyo ilivyosemwa. Ikithibitika kwamba familia ina urithi huo, ndugu wazima wanaweza kuchunguzwa utumbo kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, na vinyama vya ndani vikaondolewa kabla havijageuka. Kwa hiyo anayekwenda kliniki ya macho na mama yake wiki hii kwa ajili ya kivimbe kinachorudirudi, ampigie simu kwanza yule mzee wa ukoo anayekumbuka nani alikufa kwa nini. Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa.